Moyo Hautulii Peke Yake: Ujirani na Afya ya Akili Buleusa

Katiba ya Shirika la Afya Duniani, iliyopitishwa mwaka 1946 na kuanza kutumika mwaka 1948, ilieleza kwamba afya ni hali ya mtu kuwa mzima kikamilifu kimwili, kiakili na kijamii, wala si kukosa ugonjwa au udhaifu tu. Maelezo hayo yamekaririwa na vizazi vya wauguzi katika vyuo vya Kongo na Afrika Mashariki, lakini katika utendaji sehemu ya kwanza ndiyo iliyopewa majengo na dawa, ya pili ikaachiwa hospitali chache za mijini, na ya tatu, yaani uzima wa kijamii, ikabaki kama pambo la hotuba. Katika vijiji vya Walikale na Masisi, mkoani Kivu Kaskazini, mpangilio huo umegeuzwa na maisha yenyewe, kwa kuwa huko mtu anaweza kupona jeraha la panga na malaria kwa wakati mmoja, akawa bado hawezi kulala kwa sababu hajui jirani yake anafikiri nini.

Buleusa ni mfano ulio wazi. Kijiji hiki kiko katika gurupema ya Ikobo, yaani eneo linalokusanya vijiji kadhaa chini ya mtawala mmoja wa kimila, ndani ya wilaya ya Walikale, karibu na mpaka wa Lubero. Wanaoishi katika ukanda huo ni Wakobo, Wanande, Wanyanga, Wahunde na Wahutu, na Kiswahili ndicho kinachowakutanisha sokoni, kanisani na kwenye kituo cha afya. Mnamo mwaka 2016, wakati Wahutu waliokuwa wamehama walipotaka kurudi au kukaa katika eneo hilo, sehemu ya wenyeji iliwapinga kwa hofu kwamba nyuma yao wangefuata wapiganaji wa FDLR, kundi la waasi wa Kihutu kutoka Rwanda, na baada ya hao ardhi ingechukuliwa, huku Wahutu nao wakiwaogopa Maï-Maï Mazembe, kundi lililojitangaza kuwa mlinzi wa Wanande na Wakobo. Kila upande ulikuwa na makaburi ya kuonyesha, kwa hiyo hakuna aliyehitaji kubuni sababu ya kuogopa.

Hofu ya namna hiyo ina historia, na asiyeifahamu hudhani ni chuki ya kuzaliwa nayo. Kati ya mwaka 1937 na 1955 serikali ya kikoloni ya Ubelgiji iliwahamishia Masisi maelfu ya watu kutoka Rwanda ili wapatikane wafanyakazi wa mashamba makubwa, bila kuwauliza wenyeji Wahunde ambao ardhi yao ilimegwa kwa ajili hiyo. Sheria ya ardhi ya mwaka 1973 iliifanya ardhi yote kuwa mali ya serikali na kuiacha ardhi ya kimila bila maelezo ya kueleweka, hali iliyowawezesha wenye fedha na wenye marafiki Kinshasa kujipatia malisho mapana ya ng'ombe, nao wakulima wadogo wa makabila yote wakasukumwa pembeni, wengine wakielekea misitu ya Walikale. Mwezi wa Machi 1993 mauaji yaliyoanzia soko la Ntoto, Walikale, yalisambaa hadi Masisi, na mwaka uliofuata wakimbizi wa Rwanda wakaingia Kivu kwa mamia ya maelfu, wakiwa pamoja na askari na wanamgambo wao. Mtoto aliyezaliwa Ikobo miaka hiyo ni mzazi leo, na yamkini hajawahi kuishi miaka mitano mfululizo bila kuhama.

Wataalamu wa saikolojia ya jamii, elimu inayochunguza jinsi kuwapo kwa watu wengine kunavyobadili mawazo na mwenendo wa mtu, wamekuwa na la kusema kuhusu urahisi wa kujenga ukuta wa "sisi" na "wao". Mwanzoni mwa miaka ya 1970, Henri Tajfel aliwagawa wavulana wa shule huko Bristol, Uingereza, katika makundi mawili kwa vigezo visivyo na maana yoyote, kisha akawapa kazi ya kugawa pesa, na wavulana hao walilipendelea kundi lao ijapokuwa hawakujua hata ni nani waliomo. Ikiwa kigezo cha bure kinatosha kuzaa upendeleo kwa watoto wasio na deni lolote baina yao, si ajabu kwamba jina la kabila, likibebwa na shamba lililopotea na ndugu aliyezikwa bila matanga, lina nguvu ya kuhamisha kijiji kizima kwa usiku mmoja. Lakini jaribio la Tajfel linafundisha pia jambo lenye matumaini, nalo mara nyingi husahaulika: mipaka iliyochorwa na mazingira inaweza kuchorwa upya na mazingira mengine.

Uvumi ndio mjumbe wa hofu hiyo. Katika kitabu chao cha mwaka 1947, Gordon Allport na Leo Postman walieleza kwamba uvumi hukua pale ambapo jambo ni zito kwa watu na habari zake hazieleweki, na kwamba sharti moja likikosekana uvumi hufifia. Kwa kipimo hicho Ikobo ni shamba lenye rutuba, maana swali la nani anakuja usiku ni la uhai, na mtandao wa simu haufiki kila kilima. Redio Okapi, iliyoanzishwa mwaka 2002, imesaidia sana kupunguza giza hilo, ingawa habari ya redio huja baada ya tukio, na mama mwenye watoto wanne hawezi kuisubiri. Yeye hufunga godoro na sufuria akaondoka, na kama hofu haikutimia anarudi akiwa amepoteza wiki mbili za palizi. Uvumi usiotimia nao una gharama, na gharama hiyo haihesabiwi na mtu.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 katika jarida la kitabibu la Marekani, JAMA, ulihoji watu wazima 998 katika wilaya za mashariki mwa Kongo, ukaona dalili za sonona kwa takriban asilimia 41 yao na dalili za mfadhaiko wa baada ya kiwewe kwa asilimia 50. Sonona ni huzuni nzito inayodumu na kumwondolea mtu hamu ya kazi, chakula na watu, na mfadhaiko wa baada ya kiwewe ni hali ya tukio la kutisha kuendelea kumrudia mtu ndotoni na mchana, akishtuka kwa kila kishindo na kukwepa kila kinachomkumbusha. Kwa kulinganisha, makadirio ya Shirika la Afya Duniani yaliyotolewa mwaka 2019 yanaonyesha kwamba katika nchi zenye vita mtu mmoja kati ya watano hivi ana tatizo la akili la kiwango fulani. Takwimu za dalili hazilingani na uchunguzi wa daktari, na kuwatangaza nusu ya watu wa mkoa kuwa wagonjwa ni kosa, kwa sababu anayeshtuka kwa mlio wa risasi mahali ambapo risasi hulia kweli ana akili inayofanya kazi yake. Ugonjwa huanza pale mshtuko unapomfuata hadi mahali penye amani, kama atapata pa namna hiyo.

Hapo ndipo mjadala wa kitaalamu unapogusa maisha ya Buleusa kwa karibu. Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba kinachoumiza akili katika vita ni matukio makubwa, kama kuuawa kwa ndugu au kuchomewa nyumba. Mwaka 2010 Kenneth Miller na Andrew Rasmussen walitetea mtazamo tofauti, wakionyesha kwamba sehemu kubwa ya mateso ya walionusurika hupitia katika shida za kila siku zinazozaliwa na vita: njaa, msongamano, kutengwa, kukosa kazi, ugomvi wa nyumbani. Tukio kubwa huvunja, na shida ndogo za kila siku huzuia mfupa usiunge. Tofauti ya mitazamo hii miwili ni kubwa kivitendo, kwa maana wa kwanza humtafuta mshauri wa kuzungumza juu ya yaliyopita, na wa pili huuliza kwanza nani amefunga njia ya shambani.

Mashaka hayo ya kila siku yanajulikana kwa majina yake. Kundi la NDC-Rénové, lilipotawala sehemu kubwa za Walikale, Masisi na Lubero katika nusu ya pili ya miaka ya 2010, liliwatoza watu wazima takriban faranga 1,000 kwa mwezi na kuwapa jetoni, kikaratasi cha kuthibitisha malipo ambacho asiyekuwa nacho alikamatwa au kuchapwa kwenye barieri, yaani kizuizi cha njiani. Makundi mengine yalidai salongo, ambayo zamani ilikuwa kazi ya pamoja ya kusafisha njia na kutengeneza madaraja, na mikononi mwa wenye silaha ikageuka kuwa kazi ya kubeba mizigo na kujenga kambi bila malipo. Thamani ya faranga elfu moja si kubwa hata kwa mkulima wa mihogo, lakini uzito wake wa kisaikolojia unazidi thamani hiyo, kwa kuwa kila mwezi mtu hukumbushwa kwamba kutembea kwake katika ardhi ya babu zake kunategemea karatasi ya mtu mwingine. Hisia ya kuwa na usemi juu ya maisha yako ni miongoni mwa nguzo za afya ya akili zinazotajwa na karibu kila mtaalamu wa fani hii, na jetoni huing'oa nguzo hiyo taratibu bila kumwaga damu.

Wanaohama nao si wote wanaoishi kambini. Kwa miaka mingi wengi wa waliohama makwao Kongo wamepokewa na familia nyingine, mara nyingi familia maskini zinazowapa chumba, kipande cha shamba na nafasi jikoni. Ukarimu huu ni hazina ya kijamii isiyoandikwa katika bajeti ya shirika lolote, lakini nao huchoka. Wiki za kwanza mgeni hupewa chakula, baadaye hupewa jembe, na mwezi wa tatu au wa nne, unga unapopungua, maneno huanza kuwa makali kati ya wanawake wanaotumia jiko moja. Msaada unapofika ukagawiwa wageni peke yao, kama ilivyozoeleka, mwenyeji aliyegawana nao mihogo hujiona mjinga, na ujirani uliokuwa dawa huanza kuwa kidonda kipya.

Aibu ni nguvu nyingine ya kijamii inayofanya kazi ndani ya nafsi. Kati ya tarehe 30 Julai na 2 Agosti 2010, wapiganaji wa makundi kadhaa walivamia Luvungi na vijiji jirani vya Walikale, na uchunguzi wa Umoja wa Mataifa ukathibitisha kwamba watu wasiopungua 387 walibakwa, wengi wao wanawake, wakiwamo pia wasichana, wanaume na wavulana. Ntabo Ntaberi Sheka, mmoja wa viongozi wa makundi hayo, alihukumiwa kifungo cha maisha na mahakama ya kijeshi mjini Goma mwezi wa Novemba 2020. Miaka kumi ni muda mrefu wa kungoja haki, na katika muda huo walioathirika walikabiliana na mahakama nyingine isiyo na jengo, yaani macho ya majirani, wakwe na waume. Mwanamke aliyebakwa huweza kukatazwa kupika kwa ajili ya mkutano wa ukoo, au akaachwa, au mtoto wake akaitwa jina la kundi lililomshambulia mama. Akitengwa namna hiyo, anajifunza kujitenga mwenyewe, na hapo maumivu ya nje yanakuwa mawazo ya ndani: kwamba alikosea kupita njia ile, kwamba amechafuka, kwamba hafai tena kuaminiwa wala kumwamini mtu.

Matibabu yaliyopimwa kwa makini zaidi katika eneo hili yalilenga mawazo hayo hasa. Jaribio lililoongozwa na Judith Bass wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins na kuchapishwa mwaka 2013 liliwashirikisha wanawake 405 wa vijiji 15 vya mashariki mwa Kongo walioathiriwa na ukatili wa kingono. Katika baadhi ya vijiji walipata msaada wa mtu mmoja mmoja uliokuwapo tayari, na katika vingine walikutana kwa makundi ya watu sita hadi wanane, mara moja kwa wiki, wakiongozwa na wasaidizi wa kisaikolojia na kijamii ambao Kivu hufahamika kwa kifupi kama APS. Hao hawakuwa madaktari wala wahitimu wa chuo kikuu. Walikuwa wanawake wenye miaka michache ya sekondari, waliofunzwa na kusimamiwa kila wiki. Kwa kuwa wengi wa washiriki hawakujua kusoma, karatasi za mazoezi zinazotumika kwingine zilirahisishwa, na mafunzo yakakaririwa kichwani jinsi katekisimu inavyokaririwa. Wala hakuna aliyetakiwa kusimulia yaliyompata mbele ya wenzake, jambo la busara mahali ambapo siri ya mtu mmoja huweza kufika mtoni kabla ya jua kuchwa. Kilichofanyika ni kulichukua wazo moja, kwa mfano kwamba "kosa ni langu", na kuliuliza maswali: nani aliyeshika silaha, nani aliyechagua, ungemwambia nini dada yako kama yeye ndiye angekuwa na wazo hili?

Miezi sita baada ya mikutano kwisha, wenye dalili za kuitwa sonona au wahaka, yaani wasiwasi usiokoma, walikuwa asilimia 9 katika vijiji vya makundi na asilimia 42 katika vijiji vingine. Sehemu ya mafanikio hayo bila shaka ni mbinu yenyewe, lakini mbinu ilifanyika katika duara la wanawake wa kijiji kimoja, waliokutana tena kisimani na sokoni baada ya kikao, na ni vigumu kuamini kwamba duara hilo halikuchangia chochote.

Kwa upande wa wanaume matokeo hayajawa mazuri kiasi hicho. Baba aliyekuwa na shamba na neno katika baraza la ukoo, akihama, hukaa mchana kutwa katika uwanja wa familia iliyompokea bila kazi inayomstahili, huku mkewe akienda kulima kwa watu na kurudi na unga. Wengine huishia kwenye kasiksi, pombe ya ndizi, au kwenye kanyanga inayolewesha haraka zaidi, na fimbo ya nyumbani hufuata. Jaribio la vikao vya wanaume vilivyoendeshwa kila wiki katika Kivu Kaskazini na Kivu Kusini, lililochapishwa mwaka 2020, lilionyesha kwamba mitazamo ya washiriki na namna yao ya kumaliza ugomvi zilibadilika, lakini ukatili ambao wake zao waliripoti haukupungua kwa kiwango cha kupimika. Ni matokeo ambayo wafadhili hawapendi kuyataja, na kwa hiyo yanastahili kutajwa: mtu anaweza kufundishwa kufikiri vingine huku mazingira yanayomdhalilisha yakibaki vilevile.

Kati ya mambo yanayobadili mazingira hayo kutoka chini, MUSO inastahili kutazamwa kwa karibu. Neno hilo ni kifupisho cha Kifaransa cha chama cha mshikamano, na vyama vya namna hiyo vimeenea katika vijiji vya Kivu zote mbili. Wanachama, kwa kawaida kati ya ishirini na thelathini, hukutana siku moja kila wiki na kukaa duara, kila mmoja akiitwa kwa jina, akatoa fungu lake mbele ya wote na mwandishi akalitaja kwa sauti kabla ya kuliandika. Fedha hugawanywa katika makasha mawili makuu: la kijani ni la akiba na mikopo inayorudishwa na riba, na jekundu ni la misaada isiyorudishwa, linalofunguliwa kwa ajili ya ugonjwa, uzazi au matanga. Lipo pia kasha la buluu, la fedha zinazotoka nje ya kikundi, ambalo katika vijiji vingi hukaa tupu. Anayefiwa hana haja ya kuombaomba. Wenzake huja na kiasi kilichokubaliwa, naye hukipokea kama haki yake kwa sababu alichangia matanga ya wengine. Kwa mwenye huzuni, tofauti kati ya kupewa haki na kupewa sadaka ni kubwa kuliko fedha zenyewe.

Swali gumu ni nani anayekaa katika duara hilo. Wanasosholojia hutenganisha mshikamano unaowafunga watu wanaofanana na ule unaowaunganisha watu wasiofanana, na Kivu Kaskazini haijawahi kukosa ule wa kwanza. Kyaghanda ya Wanande, Bushenge ya Wahunde na MAGRIVI iliyowakusanya wakulima Wahutu zilikuwa vyama vya kusaidiana na kutetea haki, na katika miaka ya 1990 baadhi ya vyama hivyo vilishutumiwa kwa kuhamasisha vijana kushika silaha. Ule wa pili ulijaribiwa kwa Baraza la Jamii Mbalimbali lililoundwa mwaka 1998, ambamo wawakilishi wa kila kabila walikaa pamoja kusuluhisha migogoro ya ardhi. Lilituliza mambo kadhaa katika miaka yake ya mwanzo, kisha likadhoofishwa na siasa za waliolihitaji kwa kura na vyeo. Gordon Allport, katika kitabu chake cha mwaka 1954 juu ya chuki za makundi, alikuwa ameonya kwamba kukutana tu hakutoshi, na akataja masharti ya kukutana kunakoponya: watu wawe sawa katika shughuli hiyo, wawe na lengo moja, wategemeane kulifikia, na wenye mamlaka waunge mkono. MUSO yenye Wakobo na Wahutu pamoja hutimiza matatu ya kwanza bila kuhubiri amani hata mara moja. Sharti la nne ndilo linalopungua.

Mwongozo wa mashirika ya kimataifa wa mwaka 2007 kuhusu afya ya akili katika dharura huchora ngazi nne, chini kabisa ukiweka usalama na huduma za msingi, kisha msaada wa familia na jamii, kisha ushauri wa waliofunzwa, na juu daktari wa magonjwa ya akili. Goma ina kituo cha Tulizo Letu kwa ajili ya ngazi ya juu, lakini safari kutoka Ikobo huwa ya siku kadhaa njia zinapopitika, na tangu mwaka 2025, kundi la waasi la M23 lilipoiteka Masisi-kati mwanzoni mwa Januari, Goma mwishoni mwa mwezi huo na Walikale-kati kwa muda mwezi wa Machi, mistari ya mapigano imefanya safari hiyo kuwa ngumu zaidi. Kwa sababu hiyo kazi kubwa itabaki katika ngazi mbili za chini, na huko kuna jambo moja ambalo halihitaji daktari wala fedha nyingi. Ugomvi mwingi wa wanaorudi huzuka pale mtu anapokuta mihogo ya mwingine katika shamba alilolikimbia. Wazee wa pande zote mbili wakitembea mipaka pamoja kabla ya msimu wa kupanda, wakaandika nani anavuna nini mwaka huu na nani analima mwaka ujao, mbele ya mashahidi wa kila kabila na kwa muhuri wa gurupema, aliyerudi na aliyekuta shamba wazi wote wawili wanaweza kulala wakijua watakula nini, na mtu wa APS akipata njia ya kufika atawakuta watu wenye nafasi ya kumsikiliza.